Kimya Wanachokitaka Wakati wa Vita

Mwanangu Salma, nakutumia sauti badala ya barua.

Mtoto wangu Ilham ametumbukiza kiatu cha baba yake ndooni sasa hivi, anacheka. Sote hapa Jeddah wazima.

Unauliza kama unyamaze, maana huko Marekani anayepinga vita anaitwa msaliti, na chuo kinaweza kukufukuza. Mie shangazi yako sikusoma sana. Ila nilipokuwa mtumishi Riyadh, madam aliniletea karatasi ya kushuhudia kwamba mwenzangu Halima kaiba.

"Yalla, haraka, tia kidole!"

Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye. Nikakunja ngumi. "Mafi, hapana, madam. Sikumwona akiiba."

Karatasi ile sikuitia kidole.

Wakubwa wa huko wanapeleka watoto wa watu kufa, kisha wanataka na kimya chenu. Vita vikisha, kusema kutamfaa nani? Kaandamane, mwanangu. Wakikufukuza, nitakupokea kwa vigelegele, na atakayekuita msaliti mbele yangu, huyo... Naam, mama, naja! Mama mkwe ananiita, Salma, ila huyo mtu atanitambua!