Kibodi ya Calvin

Scarborough, Toronto,
Jumapili, 23 Februari 2025.

Mpendwa wifi yangu Elinaza,

Pokea shikamoo yangu na salamu nyingi kutoka huku ghorofa ya kumi na moja. Mguu wako unaendeleaje? Niliposikia kwamba siku hizi unafika kanisani bila fimbo, nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka Calvin akageuka kunitazama. Nasi tu wazima, ila theluji imetuelemea. Wiki iliyopita ilifika magotini, na kituo cha basi nilikiendea kama mtu anayevuka mto.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mdogo wako Calvin ameacha kukuandikia, nami nikakukatisha. Nisamehe. Hajakununia, wala hajazidiwa. Ni kibodi ya kompyuta yake iliyokufa, na habari hiyo haikuwa ya kumalizika kwenye simu.

Unajua tangu kiharusi kile cha mwaka juzi ulimi wake ni mzito. Akisema, hata mimi niliyeishi naye miaka thelathini na moja nashika neno moja katika matano. Akili yake i timamu. Alichobakiwa nacho ni mkono wa kushoto na ile kompyuta ya kukunja aliyoinunua angali mwalimu. Alilotaka kusema aliliandika pale, nami nikasoma. Hata barua zote alizokuletea zilitoka humo.

Mwezi wa kumi na mbili herufi A ilianza kukwama. Niliipuliza, nikaisafisha kwa pamba na spiriti. Ikaamka siku mbili, kisha ikafa kabisa, ikaondoka na herufi N na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Kiswahili bila A, wifi, utakiandikaje? Siku moja aliniandikia neno moja tu: mji. Nikamuuliza, mji gani tena? Kumbe mwenzangu ana kiu, anataka maji. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Aliifunika kompyuta, akageukia dirishani, na siku nne hakuandika kitu.

Binti yetu Nakijwa alileta kompyuta mpya kutoka kwake Etobicoke. Ni nzuri, ila vitufe vyake ni bapa kama vigae, na herufi za Kifaransa zimebanwa pembeni, hivyo kidole cha baba yake kikawa kinaangukia pasipo pake. Mkono ule ulishajifunza upya mara moja baada ya ugonjwa. Mara ya pili ulikataa. Tukajaribu kibodi ya kuchomeka. Ikateleza kwenye meza ya kiti chake cha magurudumu, maana hana mkono wa pili wa kuishikilia. Tukaibandika kwa gundi. Ikajaza meza yote, kioo kikawa mbali asikione.

Hapo katikati ikaja barua. Jumatano tarehe 19 afisa wa huduma za wagonjwa angekuja kuamua kama Calvin aendelee kukaa nyumbani au ahamie nyumba ya kulelea wagonjwa. Nakijwa aliona heri ahamie. Simlaumu; Novemba alinikuta nimelala sakafuni kwa sababu ya mgongo. Lakini nilimwambia kwamba baba yake hatahamishwa kama kabati, atasema mwenyewe anachotaka. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba baba hawezi kusema. Neno hilo lilinichoma, na ndilo lililonitoa nyumbani.

Nilibeba kompyuta mgongoni, nikapanda mabasi mawili mpaka kwa mzee mmoja mtengenezaji, Roshanali, mzaliwa wa Tanga, mwenye duka dogo katikati ya kinyozi na muuza viungo. Aliifungua, akaitazama kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba kibodi ya aina hii haifungwi kwa skrubu. Imeng'ang'anizwa kwenye mwili wa kompyuta kwa misumari midogo ya plastiki, zaidi ya hamsini, na kuing'oa ni kazi ya siku nzima.

“Mama, hii imekwisha,” akasema. “Iache ipumzike.”

“Mzee wangu, sikuja kuuliza habari za mazishi,” nikamwambia. “Nimekuja kuuliza inatengenezwaje.”

Hapo akaninyooshea mikono yake juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Alisema kazi anaijua yote, ila mikono ndiyo iliyomwacha. Nami nikamwonyesha yangu. Miaka kumi na tisa nilikuwa fundi cherehani Morogoro, nimeshona vifungo vya mashati ya shule mpaka usingizini. Tukakubaliana hivi: nitafute kibodi, nikiipata nije Jumamosi, yeye aseme na mimi nitende.

Kibodi niliyoagiza ilikuja ikiwa si yenyewe. Utepe wake wa kuiunganisha na kompyuta ulitokea upande mwingine. Nikalia kidogo, nikafuta uso, nikaenda kanisani. Baada ya ibada nikaomba nafasi ya matangazo, nikaeleza shida yangu mbele ya watu wote nikiwa nimeinua kompyuta juu kama mtoto wa kubatizwa. Bwana Gelasius, mhasibu mmoja anayekaa Lawrence Heights, alikuwa na kompyuta ya aina ile ile iliyopasuka kioo. Aliileta jioni hiyo hiyo.

Basi Jumamosi tarehe 15 tulianza saa nne asubuhi. Kila skrubu niliyoitoa niliibandika kwenye karatasi kwa mpangilio wake, kama nilivyokuwa napanga pini. Misumari ya plastiki niliikata kwa wembe, mmoja mmoja, huku mzee ameketi nyuma yangu akisema taratibu, taratibu. Saa nane kibanio kinachoshika utepe kikavunjika mkononi mwangu. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mzee akaniambia nikate kipande cha selotepu, nikikunje mara mbili, nikisukumie pale. Kikashika. Tukayeyusha plastiki kwa chuma cha moto kufunga kibodi, na saa kumi na mbili ikawaka. Nilijaribu herufi zote. Q haikuamka. Mzee alitaka tuanze tena. Nikamwambia Kiswahili hakina kazi nayo.

Jumatano afisa akaja, mama mpole mwenye kalamu nyingi. Alipomuuliza Calvin maoni yake, mdogo wako aliandika kwa kidole kimoja karibu dakika ishirini. Kiingereza anakijua kuliko mimi, lakini aliandika kwa Kiswahili, kisha akamgeuzia Nakijwa kioo ili atafsiri yeye. Nilisoma juu ya bega la binti yetu:

“Nataka kubaki nyumbani. Lakini Benedicta amechoka. Mgongo unamuuma na anauficha. Mkimuuliza atakataa, kwa hiyo naomba mimi. Aletwe mtu wa kuniogesha asubuhi. Kama hayupo, nipelekeni.”

Nakijwa alitafsiri mpaka penye mgongo, akanitazama, akaanza tena. Mimi nilikasirika, wifi. Nimehangaika majuma mazima mtu apate kusema, na mbele ya mgeni anakwenda kunisema mimi! Nikafungua kinywa nikanushe. Calvin akagonga meza kwa kidole mara moja. Nikamtazama, naye hakuondoa macho.

“Ni kweli,” nikasema. Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mwanangu.

Imeamuliwa abaki. Kuanzia tarehe 3 Machi mtu atakuja asubuhi tano kwa juma, na baada ya miezi sita watatuangalia tena. Nakijwa ameomba Jumamosi ziwe zake.

Nisalimie shemeji, mwambie kofia yake nimeifuma, bado pindo tu. Msalimie pia Mama Mchungaji na wote wa nyumba ya juu. Mungu aulinde mguu wako na awape mvua ya kiasi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Calvin aliiandika jana mchana kutwa, Nakijwa akaichapisha, naye akaikunja mwenyewe kwa mkono mmoja. Miaka miwili hakuna neno lake lililofika kwako bila kupita machoni pangu. Hili sijalisoma. Ni lako.

Mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Benedicta