Swali la Rehema Baada ya Filamu

Mbugangari, Gisenyi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na mahindi ya huko Kasulu yamesimama? Mimi ni mzima, cherehani inanilisha, ila moyo ni mzito. Haya nisingeweza kuyasema kwenye simu ya jirani huku nyumba nzima ikisikiliza, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori.

Rehema amepatikana. Yuko hapa kwangu. Wiki iliyopita alivuka mpaka pale Petite Barrière katikati ya wachuuzi wa nyanya, amekonda, hana hata mfuko. Amemwacha yule mtume aliyemfuata na watu wake huko milimani Kongo. Alipoingia tu akauliza, "Baraka ameanza shule?" Nikamwambia ale kwanza. Mama, nilikosa mdomo wa kumwambia mdogo wangu kwamba mwanawe tulishamzika, na yeye hatukuwa na njia ya kumpata.

Jumapili nikampeleka kwenye kibanda cha video ili atoke ndani kidogo. Filamu yenyewe sikuijua. Kumbe ni ya mwanamke aliyeacha mtoto kwa bibi yake akamfuata nabii mlimani. Nabii anasema mvua itanyesha, na kweli inanyesha, lakini ng'ombe wa watu wanaishia zizini kwake. Hadi mwisho hujui ni mtu wa Mungu au tapeli. Kisha mwanamke anarudi kwao, anasimama nje akilia, mlango unasogea kidogo, na filamu imeisha.

Watu wakaja juu. Yule anayetafsiri kwa kipaza sauti hapendi kuona wateja wamenuna, akasema, "Mutoto iko ndani, anangojea mama yake."

Mama mmoja anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akabisha. "Bon, kama iko, viatu yake iko wapi? Pale mulangoni iko ya bibi tu. Ule mutoto alikufa."

"Na mama analia nini?" akadakia mwanamume nyuma yetu. "Si ni ye mwenyewe alimutupa."

Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Rehema bado alikuwa ameelekeza macho kwenye kioo ambacho hakikuwa na kitu tena.

Tulipotoka akasema, "Hata kwetu kule mlimani mvua ilinyesha, kaka. Hao wanacheka kwa sababu hawakuiona." Mbele kidogo akasimama kwa muuza viatu vya mitumba, akaokota pea ndogo ya bluu, akaniuliza, "Mguu wa Baraka sasa unaingia namba ngapi?"

Nikamwambia pale pale, watu wakipita. Sikuchagua maneno, yalitoka yenyewe. Akavirudisha vile viatu, akavipanga sawa na vingine, akamwomba radhi mwenye biashara. Alilia tulipofika ndani. Analia hadi leo, Mama, na mimi nashona huku nalia, wateja wakidhani ni mafua.

Msalimie Baba Mdogo, na umwombe asianze kuhukumu kabla hajamwona. Msalimie Shangazi muuza mawese, na mjomba wetu fundi baiskeli, mwambie suruali yake ipo tayari.

Nauli ya kumleta ninayo, lakini amekataa kuja mpaka ajibiwe jambo moja. Anauliza: zile siku za homa, Baraka alimwita? Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyempakata. Nilitaka kumwambia ndiyo, nikaogopa. Nikataka kumwambia hapana, nikaogopa zaidi. Yule wa kipaza sauti aliwapa watu kile walichotaka kusikia, na Rehema alimwona akifanya hivyo, kwa hiyo hatadanganyika tena. Mpe dereva jibu, nitamsomea mwenyewe.

Andika ilivyokuwa, Mama yangu, hata kama mama aliyeitwa ulikuwa wewe.

Mwanao anayekukumbuka,
Elias