Panya Wako Hawakufunga

Majengo,
Nyeri.
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Hafiz,

Assalaam aleikum. Hujambo, na mkeo Sumeya hajambo? Baridi ya huko imepungua? Hapa Nyeri mvua imeanza na mlima hatujauona wiki nzima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu baba husikia kila neno, na haya sitaki ayasikie.

Ile video uliyomtumia, ya panya mliyemtia kiharusi huko maabarani, mkampa dawa, kisha akanyoosha mkono na kuokota punje ya chakula, imetuletea balaa. Baba huiangalia asubuhi na jioni. Mazoezi ya ule upande wake uliopooza ameyakataa kabisa. Nderitu, anayemfanyisha mazoezi hospitalini, aliniita kando: "Mama, mzee akikaa tu hivi hiyo mkono itakauka. Wakati yake ni saa hii." Nilipomwambia baba, aligeukia ukutani. Anangoja dawa yako. Neno pekee linalomtoka vizuri siku hizi ni "panya".

Hafiz, hebu niambie. Panya wako ni vijana, ulisema mwenyewe. Wana presha? Wana sukari? Dawa waliipata kiharusi kikiwa bado cha moto. Baba ni mzee wa miaka sabini na mbili, presha anayo, sukari anayo, na alikatazwa kufunga akafunga. Alasiri ile ya Ramadhani kiharusi kilipompata, ulimi wake ukawa mzito, tulidhani ni saumu. Tukamletea maji akayasukuma, akanyoosha kidole dirishani kwamba magharibi imekaribia. Tulipofika hospitali watu walikuwa wanatoka msikitini kwenye sala ya usiku ya tarawehe. Je, kuna panya wako hata mmoja aliyefunga?

Sikulaumu, ndugu yangu. Nimeishiwa tu, sijui nimshike nani. Kama kweli mnatafuta dawa ya watu, tafuteni panya mzee, mwenye presha na sukari, aliyecheleweshwa nyumbani na watu wanaompenda. Huyo akiokota punje, nitumie video yake, nitalia kwa furaha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa nakusihi umpigie baba, umwambie kwa kinywa chako kwamba dawa haiji. Mimi nimemwambia hadi sauti imenikauka, haniamini. Wewe atakuamini. Atakukasirikia, najua, na wewe utaumia. Afadhali akukasirikie akiwa anatembea.

Shangazi Mwanaidi anakusalimu, na watoto wa Ngendo jirani bado wanakuuliza. Mpe Sumeya salamu zangu nyingi.

Baba ameniona nikiandika na amejua ni kwako. Amesema "panya" huku akinitazama usoni, anauliza. Nimemjibu ndiyo baba, ninamuuliza Hafiz. Akatabasamu kwa ule upande mmoja.

Mungu akupe moyo wa kumwambia.

Dada yako akupendaye, anayengoja simu yako,
Mwanasiti