Kamba ya Tanga Kati ya Meno

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Papa Kasongo, mwenyekiti wa wasukuma makala wa Kapolowe, wale wanaopeleka makaa mjini kwa baiskeli, alisema jana kwamba baiskeli yenye tanga itarudi barabarani kwa majaribio. Ni baiskeli yako. Atakayeisukuma ni mke wako, Ngalula.

Unakumbuka ulivyoanza. Wakati wa kiangazi upepo hutoka upande wa Lubumbashi kuelekea Likasi, njia ileile ya makala. Ulisimamisha mianzi miwili nyuma ya magunia, ukatandaza turubai. Kamba ya pembe ya chini uliibana kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nilikufuata siku hiyo. Kwenye mlima wa kuingilia mjini wenzako walisimama kupumua, wewe ukapita.

Shida ilikuwa salamu. Barabarani pale hakuna anayempita mwenzake kimya, na wewe ulipita kimya. Watu walikununia mpaka walipojua sababu, kisha wakaanza kukusalimia makusudi.

"Komanda ya mashua, jambo! Weye, ulimeza lulimi?"

Ukivumilia, walikuuliza habari za mama mkwe wako, na hiyo hukuweza kuiacha bila jibu. Kamba iliponyoka, turubai likapigapiga kama shuka kwenye uzi.

"Nilisalimia muntu moja tu," uliniambia jioni, "mupepo ikaniacha pale."

Tulipokuzika, Ngalula alichukua baiskeli. Bila tanga hawezi kuuvuka ule mlima na magunia. Kiangazi kilichopita kijana mmoja aliiga tanga lako, lakini kamba akaifunga kwenye usukani. Lori lilipompita, upepo wake ulimlaza chini na mzigo wake, akavunjika mkono. Kamati ya wasukuma ikakataza matanga yote. Tangu hapo Ngalula anauza makala mbele ya nyumba, Kapolowe, ambako kila mtu ana makala yake. Alikwisha kusema kwamba baiskeli nayo ataiuza.

Jana aliingia kwenye kikao na kamba mdomoni. Papa Kasongo akamwita ghafla, kwa sauti kubwa. Akaitika, kamba ikaanguka mezani.

"Munaona?" papa Kasongo akawaambia wenzake. "Muntu akishituka, kinywa inafunguka yenyewe. Fundo haifunguke."

Kazini nimeandika habari nyingi za watu waliokufa, yaya. Hii yako sikuiandika wakati ule. Sikujua ianzie wapi. Sasa naona ingeanzia kwenye kamba hiyo. Nyumbani bado ninakukosa zaidi saa za jioni, saa ulizokuwa ukirudi na maneno yote uliyoyanyamazia njiani.

Majaribio ni Jumamosi alfajiri, upepo ukiwepo. Ngalula akifika Likasi salama, kamati itaondoa katazo. Asipofika, baiskeli inauzwa. Papa Kasongo ameagiza wasukuma wote: atakayekutana naye asimsalimie. Mimi nitasimama juu ya mlima, na nitafunga mdomo.

Mdogo wako