Suruali Sitini na Chuo cha Jumamosi

Karakana ya Sare,
Mlango wa Nyuma.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi zenu. Mkaza mjomba anaendeleaje, na wale binamu zangu wanaorefuka bila kutuomba ruhusa? Sisi hatujambo. Jicho la dada yako limepona baada ya upasuaji. Ameanza tena kuona vumbi nisilofagia, kwa hiyo ujue afya imerudi.

Mjomba, nimeshachagua mahali pa kusomea shahada yangu ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na si huko kwako. Najua uliniandikia barua ya kunitambulisha, hata ukanipakia chumba rangi. Nafasi niliyopewa na chuo cha huko nitairudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Tafadhali keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kijitabu cha chuo chenu nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Maktaba ile ingenitia wazimu wa furaha. Ila mifano yao yote ni ya makampuni yenye lifti, na sisi hapa ngazi yenyewe ina kidato kimoja kibovu.

Nimechukua kozi ya Jumamosi, hapa hapa mjini, miaka miwili na nusu. Jina la chuo halimshtui mtu. Lakini kila mwanafunzi anasoma huku anafanya kazi, na mwishoni lazima awe amerekebisha jambo moja la kazini kwake. Wewe mwenyewe hupenda kusema fimbo ya mbali haiui nyoka, basi leo imekurudia.

Jambo langu ni hili. Dada yako alipolazwa wiki ile ya jicho, mkasi niliushika mimi. Unajua anavyokata: kila kitu kimo kichwani, hakuna karatasi hata moja. Nami kwa kujiamini kwangu nikatandika vitambaa vyote uso juu, badala ya kuvilaza uso kwa uso ili kila mkato utoe mguu wa kulia na wa kushoto, nikakata suruali sitini za shule. Zote zikatoka miguu ya kushoto mitupu! Fundi Pasi, ambaye bado anatupigia pasi na ulimi wake haujazeeka, aliinua miwili akaniuliza kwa upole, "Bosi, shule hii ina watoto wa namna gani?" Nilicheka naye, kisha nikaenda stoo nikalia. Shule zilifunguliwa, darasa zima likaenda na kaptula za mwaka jana.

Siku ya usaili nilibeba miguu miwili kwenye mfuko. Wahadhiri walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha akauliza kosa lilikuwa la nani. Nikamwambia la kukata ni langu, la kutoandika ni letu sote. Nilitoka pale nikijua nimepata chuo, hata kabla wao hawajaamua.

Mama alinuna. "Yaani nikufundishe mimi, halafu cheti akupe mwalimu?" Lakini tangu juzi anakata huku akitaja kila hatua kwa sauti, eti anaongea na kitambaa. Nami nakaa nyuma yake naandika.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Wewe nawe uliaga kwenda kusoma miaka miwili tu. Cherehani yako bado ipo dirishani, na hakuna anayeruhusiwa kuikalia. Kila Ijumaa mama huitia mafuta, huzungusha gurudumu lake mara moja, kisha huifunika. Sikulaumu, Mjomba, nakupenda mno. Ila niliwaza kwamba nikiondoka na mimi, Ijumaa atakuwa na cherehani mbili za kufunika.

Chumba usikijaze makabati, nitakuja kulala humo likizo. Wasalimie mkaza mjomba na binamu zangu wote. Fundi Pasi anakusalimu, anauliza kama huko mnavaa nguo zilizokunjamana. Mungu akujalie goti zima, na njia fupi ya kurudi nyumbani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukininunia.