Gauni la Binti Mwimbaji

Jumamosi, 7 Juni

Mdogo wangu kaja dukani, simu mkononi. Anataka gauni la harusi kama la yule binti mwimbaji wa katuni yetu ya utotoni — la njano, mikono kama mabawa. Mita kumi na mbili! Mimi fundi cherehani, si mchawi. Eti ataingia ukumbini kwa wimbo ule ule tuliokuwa tukiuimba tumejifunga mapazia ya mama. Haya. Inabidi niitazame tena, nione hayo mabawa yameshonwaje.

Jumapili, 8 Juni

Nimeitazama. Makubwa!

Mfalme anamsikia binti akiimba sokoni. Kampenda. Basi anambeba hadi kwenye jumba lake na kufunga mlango — kwa usalama wake, eti. Binti analia dakika mbili, kisha anaimba na vijiko. Vijiko! Kwao hakuna anayemtafuta, hata jirani wa kuuliza tu. Mwishoni anapewa ufunguo, anautupa mtoni kwa hiari yake, watu makofi. Na sisi tulipiga!

Binti yangu wa miaka sita kauliza: kwani huyo mfalme ni polisi?

Nimecheka mbavu sina. Halafu wimbo ukaanza — nikauimba wote, na machozi juu. Akili sina.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya vipimo. Kaja na mchumba wake. Marashi yalitangulia, mwenyewe akafuata. Mdogo wangu ni muuguzi, wodi ya watoto, mwaka wa nane huu. Nikamuuliza kapewa likizo siku ngapi. Akajibu mchumba: anaacha kazi kabisa, wodini kuna maradhi, nyumbani atapumzika. Si ndiyo, mpenzi? Mpenzi akatazama sakafu.

Nikasema: kumbe na shemeji kaitazama katuni! Shemeji hakuelewa. Mdogo wangu alielewa — kanifinya.

Alhamisi, 12 Juni

Mdogo wangu kanipigia, moto. Eti mwanamke niliyeachika namwonea wivu. Imenichoma. Nikamwambia sikuachika, niliondoka — tena mchana kweupe, cherehani kichwani. Kakata simu.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimetandaza kitambaa mezani, chaki mkononi. Mdogo wangu kaingia peke yake, na sare ya kazi. Kakaa kiti cha wateja.

Kumbe jana mchumba alipeleka barua ya kuacha kazi kwa muuguzi mkuu. Kaiandika yeye, kaitia sahihi yeye, kwa jina la mdogo wangu. Muuguzi mkuu kampigia kuuliza: mbona jina lako umelikosea herufi?

“Alitaka kunipunguzia usumbufu, dada,” kasema.

Nilikuwa na kejeli kumi mdomoni. Nimezimeza zote, na zina miiba.

Nje honi. Ni mchumba. Mdogo wangu hajainuka. Naandika hapa kaunta, najifanya nina kazi.

Honi tena.

Kauliza: kitambaa kikishakatwa, wenye duka la vitambaa wanakipokea kikirudishwa? Nimemwambia hawapokei, kikishakatwa basi.

“Usikate kwanza.”

Honi ya tatu — ndefu hiyo! Mdogo wangu kavua viatu, kavisukuma chini ya kiti.