Mayai Matatu Kwenye Mafunjo

Jumatatu, 6 Mei
Nimepalilia mpunga tena, Taaka mgongoni. Korongo wa kwenye mafunjo bado amelalia. Mayai matatu. Saa nne mume wake akaja, akainama, akaruka kidogo na lile taji lake. Mke akaenda kula, yeye akakalia. Wanapokezana hivyo kila siku. Niliwatazama mpaka mtoto akalia.

Baba Taaka alivuka kwenda Kenya tangu Januari, kazi ya mjengo. Simu yake haipatikani. Atarudi tu. Mimi najua.

Jumatano, 8 Mei
Mama alitaka kukata mafunjo upande ule, ya mikeka. Ikabidi nimwambie kuna kiota. Yeye peke yake.

"Hao hawaachani mpaka kufa, unajua?" akasema.

Nikacheka. Raha kuwa na mtu wa kuambia.

Ijumaa, 10 Mei
Mvua. Sikwenda shamba. Shati la Baba Taaka halipo, lile ninalomlalisha mtoto juu yake. Mama anasema ni panya. Panya gani wa kubeba shati zima?

Jumamosi, 11 Mei
Kiota kitupu. Hakuna hata ganda. Alama za gambuti kwenye tope, mguu wa kushoto umepasuka kisigino. Gambuti za mama.

Korongo wote wawili walikuwa pale, wanalia. Dume akaenda akakalia patupu. Maziwa yakanitoka, yakalowesha gauni.

Jumapili, 12 Mei
Nimemuuliza. Hakukataa. Mayai na shati vimeenda kwa mganga, Baba Taaka afungwe kwa dawa, arudi, asitazame mwingine.

"We mtoto, nakusikia unalia kila siku. Ulitaka nikae tu?"

Nimemwita mwizi. Mama yangu mzazi. Nilipokuwa nacheka naye yeye alikuwa anapanga. Hiyo ndiyo inaniuma. Simsemeshi.

Alhamisi, 16 Mei
Baba Taaka amepiga! Namba mpya. Simu iliibiwa, kazi ilikuwa mbali, anakuja Jumamosi. Mama kapiga vigelegele, kakamata jogoo. "Haya, sasa niite mwizi!"

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nikachanja kuni mpaka giza.

Ijumaa, 17 Mei
Nimefua, nimepaka nyumba udongo. Korongo wamehama. Mama anamwimbia mtoto, nimemwachia.

Kesho nitampokea Baba Taaka mzigo, nitampa Taaka amshike. Atasema alitukumbuka. Miezi yote nilimngoja aseme hivyo. Sasa sitajua kama amekuja kwa kupenda mwenyewe.